Nilivyoupata ufunguo wa mstari mpya kwenye safu ya PHP

Fomu niliyokuwa nikiitengeneza inamruhusu mtumiaji kuongeza mistari ya oda, kuifuta na kuipanga upya apendavyo. Mistari yote imo ndani ya safu (array) moja ya PHP, lugha ya programu ya upande wa seva, na ufunguo wa kila mstari, yaani namba inayoutambulisha ndani ya safu, ndio unaoandikwa kwenye kitufe chake cha kufuta. Kwa hiyo kila mstari ulipoongezwa, nilihitaji kujua papo hapo PHP imeupa ufunguo gani.

Kuongeza kwenyewe ni kwepesi, mabano matupu yanatosha:

$mistari[] = $mpya;

Ipo pia array_push, lakini inachorejesha ni idadi ya vipengele, si ufunguo. Kwa kipengele kimoja siioni haja yake, na hata mwongozo rasmi wa PHP unapendelea mabano kwa sababu hayana gharama ya kuita fanksheni. Mimi huitumia tu ninapoongeza vitu kadhaa kwa mpigo.

Kazi ilikuwa kwenye ufunguo. Jibu linalotolewa haraka ni count($mistari) - 1, nalo ni sahihi maadamu funguo zinaanzia 0 na kufuatana bila pengo. Safu inayofutwafutwa haibaki hivyo. Tazama hii:

$a = ['x', 'y', 'z'];
unset($a[2]);
$a[] = 'w';

Hapo unset inaondoa z, kisha herufi w inapata ufunguo 3, si 2. PHP haihesabu vilivyobaki. Inakumbuka namba kubwa kuliko zote iliyowahi kutumika kwenye safu hiyo, kisha inaongeza moja, hata kama mwenye namba hiyo ameshaondolewa. Hapa count($a) - 1 ingekupa 2, ufunguo ambao haupo kabisa.

Tangu toleo la 7.3, lililotoka Desemba 2018, tuna array_key_last, inayorejesha ufunguo wa kipengele cha mwisho. Hii inatazama mpangilio, haitazami ukubwa wa namba. Ukiwa na [10 => 'a', 3 => 'b'], inarejesha 3, ilhali kipengele kitakachoongezwa kwa mabano kitapewa 11. Ndiyo maana sikutaka kukisia ufunguo ujao kwa kuandika array_key_last($mistari) + 1. Mtumiaji akishapanga mistari upya, hesabu hiyo inaweza hata kuangukia ufunguo wenye mtu tayari na kufuta data yake. Safu ikiwa tupu nayo ina lake: array_key_last inarejesha null (hakuna thamani), na null ukiijumlisha na 1 unapata 1, wakati mabano yangeanza na 0.

Suluhisho lilikuwa kugeuza mfuatano wa hatua. Ongeza kwanza, uliza baadaye:

$mistari[] = $mpya;
$ufunguo = array_key_last($mistari);

Kipengele kilichoongezwa kwa mabano hukaa mwisho wa safu daima, hata namba zilizotangulia ziwe zimevurugika vipi. Kwa hiyo ufunguo wa mwisho, wakati huo hasa, ni wa mstari mpya. Napenda sana mistari hii miwili ya msimbo: hakuna hesabu, hakuna kukisia, na anayeisoma anaelewa mara moja.

Seva moja niliyopaswa kuihudumia ilikuwa bado na toleo la zamani. Njia ya kale ni end($mistari) kisha key($mistari), lakini end inasogeza kielekezi cha ndani cha safu (alama ya kipengele ulichofikia), na msimbo mwingine ulikuwa ukikitegemea kielekezi hicho kupitia current na next. Nikaandika badala yake:

if (!function_exists('array_key_last')) {
    function array_key_last(array $s) {
        return key(array_slice($s, -1, 1, true));
    }
}

Hiyo true ya mwisho usiiache. Bila hiyo, array_slice inazipa namba upya funguo za namba, na utakuwa unapata 0 kila mara. (Toleo la 8.5 limeleta pia array_last, ila hiyo inarejesha thamani. Mimi nilihitaji ufunguo.)

Kuna aliyenishauri nipitishe array_values kila mstari unapofutwa ili namba zijipange upya kuanzia 0. Kwa fomu hii nilikataa. Ukurasa ulio wazi mbele ya mtumiaji una vitufe vyenye namba za zamani. Ukizisogeza upande wa seva, kitufe cha mstari mmoja kitafuta mwingine.

Kwa sababu hiyohiyo, namba iliyofutwa haifai kupewa mstari mwingine. Kumbukumbu ya PHP niliyoieleza inasaidia, lakini haidumu. array_pop, inayoondoa kipengele cha mwisho, ikiondoa chenye namba ile kubwa, inairudisha hesabu nyuma, tofauti na unset. Safu ikihifadhiwa kwenye sesheni (data ya mtumiaji inayotunzwa kutoka ombi moja hadi jingine) na kujengwa upya ombi linalofuata, PHP inaanza kuhesabu kutoka kwa funguo zilizopo tu. Mstari wa mwisho ukiwa umefutwa kabla ya hapo, namba yake itatumika tena. Kwa hiyo kwenye sesheni naweka pia kihesabio changu, $namba_ijayo, kinachopanda kila mstari unapoongezwa na hakishuki, na huko naandika $mistari[$namba_ijayo++] = $mpya. Mabano matupu pamoja na array_key_last nimeviacha kwa safu zinazoanza na kuisha ndani ya ombi moja.