Safu ya mbele

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa.

Wiki hii neno la mtoto limeninyima usingizi. Binti yangu wa darasa la sita alikuwa anatazama video ya kwaya yetu kwenye simu. Akaisimamisha, akauliza, "Mama, kwani shangazi haimbi vizuri?" Nikamwambia shangazi yako ndiye anayeibeba sauti ya kwanza. "Sasa mbona mmemficha?"

Sababu naijua. Siku ya kurekodi mpiga picha alisema weupe waje mbele, video ing'ae. Hakuna aliyebisha. Nilikusanya gauni langu nikasogea, wifi yangu akarudi nyuma na sauti yake. Na tulikuwa tunamwimbia Mungu!

Weupe wenyewe ni wa mkorogo. Nilipaka miezi minne kabla ya harusi. Uso ukawa Fanta, viungo vya vidole vikabaki Coca-Cola, hadi leo nikipokea sadaka nakunja mkono. Zebaki ya kwenye krimu hizo huharibu figo na serikali imepiga marufuku, hayo mnayajua. Lakini nani alinituma? Nimekua na matangazo ambayo msichana mweusi hapati kazi wala mchumba mpaka apake krimu. Fair & Lovely, iliyoanzia India mwaka 1975, walibadilisha jina mwaka 2020 baada ya kelele za watu. Kichwani mwangu hakijabadilika kitu.

Nimesoma tena Hesabu 12. Miriamu, yule wa matari, mwanakwaya mwenzangu kabisa, alimnena Musa kwa ajili ya mwanamke Mkushi, mweusi wa nchi ya Kushi, aliyemwoa. Wingu lilipoondoka juu ya hema, Miriamu akawa mweupe kama theluji. Mweupe wa ukoma! Siku saba nje ya marago, na watu hawakusafiri mpaka aliporudishwa. Taifa zima limekaa juani linamngoja dada mmoja aliyemdharau mke wa mwenzake. Mimi nilizoea kusoma hapo nikimwonea Miriamu huruma. Huyo Mkushi sijawahi hata kujiuliza alilala vipi usiku ule.

Nanyi akina kaka, msijifanye hamsikii. Mnafunga na kuomba mpate mke mcha Mungu, halafu mnamnong'oneza mzee wa kanisa, "Ila awe mweupe kidogo." Mabinti wanasikia. Wangu ana miaka 12, na hatumi picha mpaka simu imng'arishe uso na kumchonga pua. Nilipomuuliza kwa nini, akanijibu kwa upole tu kwamba hivyo ndivyo watu wazuri walivyo.

Sikuwa na la kumjibu, na vidole vyangu hivi.

Jumamosi tunarekodi tena. Wifi hajaonekana mazoezini wiki mbili. Leo baada ya ibada naenda kwake, na mtoto nitamchukua. Mniombee, maana hata hodi sijui nitaipigaje.