Tochi ya babu wa Hombolo

Fundi aliyenifunza kazi hakukubali kamwe kushtua betri. Majirani zetu pale karibu na soko la Majengo walishtua kila kukicha: betri iliyozimika kabisa waliigusisha waya mbili kutoka kwenye chaja, chanya kwa chanya, hasi kwa hasi, simu ikawaka, mteja akalipa akaenda zake. Dada fundi, ndivyo nilivyokuwa nikimwita, alikuwa akiwarudisha wateja wa namna hiyo, hata siku ambazo droo ilikuwa tupu. Mimi nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, natamani kujua sababu, lakini yeye hakuwa mtu wa kuhutubia. Alingoja kazi yenyewe ije.

Ikaja Septemba 2017, kipindi cha mavuno ya zabibu, mji umejaa watu wanaotafuta nyumba kwa sababu serikali ilikuwa inahamia Dodoma. Mzee mmoja mlinzi wa shamba la zabibu huko Hombolo alishuka na gari la asubuhi. Tukamwamkia, akaitikia marahaba, kisha akatoa mfukoni tochi ya kuvaa kichwani. Ilikuwa imesahauliwa ikiwaka mpaka ikazima, na tangu hapo haikupokea chaji.

"Bila hii, mjukuu wangu, nalinda kwa masikio tu," aliniambia.

Kijana wa kibanda cha jirani akachungulia, akasema ataishtua dakika moja, babu awahi gari. Dada fundi akamwambia, "Hapana, mdogo wangu, hii niachie." Akafungua tochi. Ndani kulikuwa na betri bapa ya lithiamu yenye ujazo wa miliampea-saa 800, na mahali pa chaja palikuwa na diodi moja, kidude kinachopitisha umeme upande mmoja tu, na rezista, kidude cha kupunguza mkondo, iliyoungua. Basi. Hakukuwa na kitu chochote cha kuiambia betri imeshiba.

Akapima: volti 2.6. Akaniambia ingekuwa chini ya 2 asingeigusa, kwa sababu betri ikikauka kiasi hicho shaba ya ndani huanza kuyeyuka, na ukiichaji tena shaba ile inaweza kujenga daraja kati ya chanya na hasi. Ya babu ilikuwa bado inaokoleka, ila kwa taratibu. "Mtu aliyeshinda njaa siku nyingi humpi ugali. Unamwanza kwa uji."

Akatoa kwenye kopo kijibodi cha rangi ya samawati, kidogo kuliko kiberiti, chenye chipu ya kuchajia betri za lithiamu iitwayo TP4056. Hapo ndipo nilipopenda kazi hii kwa dhati. Chipu ile ikikuta betri iko chini ya volti 2.9 inatoa sehemu moja tu ya kumi ya mkondo wake. Betri ikiamka, inafungulia mkondo kamili na kuushikilia palepale. Ikifika volti 4.2 inabadili mwendo: sasa inashikilia volti, na mkondo unapungua wenyewe kadiri betri inavyojaa. Mkondo ukishuka tena hadi sehemu ya kumi, inakata. Ile 4.2 haina mchezo. Ukiipita, lithiamu huanza kuganda kama metali ndani ya betri, kimiminika chake kinavunjika na kutoa gesi, betri inavimba, na iliyovimba inaweza kuwaka moto. Waya za kushtulia hazijui namba hiyo.

Lakini hakukifunga kama kilivyotoka dukani. Alinionyesha kirezista kimoja kilichoandikwa 122, yaani 12 na sifuri mbili, omu 1,200 (omu ni kipimo cha ukinzani wa umeme), ambacho ndicho kinachoiambia chipu itoe ampea moja. Kwa betri ya 800 hiyo ni nyingi mno. Akakilehemua, nami nikashika kibanio huku yeye akilehemu kingine cha 302, omu 3,000. Mkondo ukashuka hadi miliampea 400. Na joto likashuka pia, maana chipu ya aina hii haina ujanja wa kubadili volti: tano zinaingia, betri inachukua zake, zinazobaki zote zinageuka joto. Betri ikiwa na volti 3, kwa ampea moja unachoma wati 2 kwenye kidude cha ukubwa wa punje ya mchele. Kwa 400 ni chini ya wati moja. Chipu hujipunguzia mkondo ikipata moto sana, ila chini ya bati la Dodoma saa saba mchana ni heri usiifikishe huko.

Taa nyekundu ikawaka. Babu akakaa kwenye benchi, akanywa chai, akatusimulia habari za ndege na za wezi wa zabibu, na kwamba wezi wana adabu kuliko ndege. Nilipima mara kwa mara: 2.7, 2.9, kisha ikapanda haraka hadi 3.6. Alasiri taa ya samawati ilipowaka, mita ilisoma 4.19.

Dada fundi akamuuliza anachajia wapi. Kwenye paneli ndogo ya sola, tochi ikiwa juu ya paa pamoja nayo. Akamkatalia kwa heshima lakini bila kulegeza: "Paneli ikae juani, babu, tochi ikae kivulini. Nakupa waya mrefu." Bodi hizi za bei nafuu, pini ya kupimia joto la betri imeunganishwa moja kwa moja na hasi, kwa hiyo chipu haioni betri ikichemka, na betri za lithiamu hazitakiwi kuchajiwa zikizidi nyuzi 45.

Babu akavaa tochi palepale mchana kweupe, akauliza kama na ya mlinzi mwenzake inawezekana, ile yenye betri nene ya duara. Dada fundi akamuuliza imeandikwa ngapi. Alfu mbili na kitu, akasema.

"Hiyo itabeba ampea nzima," dada fundi akanigeukia. "Ikija, usiguse ile 122." Kisha akampigia mtu wake wa Kariakoo aongeze bodi kumi kwenye mzigo wa Ijumaa.