Angiogramu safi, kifua bado chauma

Daktari wa kwanza kule Mombasa alinifanyia angiogramu, yaani picha ya eksirei ya mishipa ya moyo, akaniambia mishipa yangu iko wazi, nirudi nyumbani nikapumzike. Huku Lamu jamaa wakasema ni gesi, wengine mawazo. Nilimshukuru Mungu kwa majibu yale, ila kifua kiliendelea kubana, uzito ukipanda hadi kwenye taya na jasho likinitoka.

Nikachukua daftari. Kila maumivu yaliponijia niliandika saa, nilichokuwa nikifanya, na yalidumu kwa muda gani. Kumbe kupanda ngazi za nyumba yetu ya Mkomani na ndoo ya maji hakunisumbui. Maumivu huja nimelala, kabla ya adhana ya alfajiri.

Nikavuka kwa boti hadi Mokowe, nikapanda basi kwenda kumwona daktari mwingine wa moyo. Alilisoma daftari lote.

"Mama, umenisaidia sana," akasema.

Alinieleza kwamba angiogramu huonyesha mishipa mikubwa. Ile midogo, isiyofika upana wa nusu milimita, haionekani. Tena mshipa ulio wazi waweza kukaza ghafla, ukazuia damu kwa dakika chache, kisha ukalegea bila kuacha alama. Mishipa midogo ikiwa na hitilafu, mara nyingi mtu huumia akifanya kazi. Mshipa unaokaza humwamsha usingizini. Ni lazima magonjwa haya mawili yatofautishwe, kwa sababu dawa za aina ya beta-bloka, zinazopunguza kasi ya moyo, huwafaa wengi wa kundi la kwanza lakini zaweza kuzidisha ule mkazo.

Kipo kipimo cha kutia asetilikolini, kemikali inayoweza kuuchokoza mshipa ukaze, ndani ya mishipa ya moyo wakati wa angiogramu, ionekane kama itakaza. Yeye alitaka kwanza nivae kimashine kinachorekodi umeme wa moyo kwa saa 24. Maumivu yakaja usiku uleule, nikabonyeza kitufe na kuandika saa. Kesho yake alinionyesha karatasi: saa ileile mstari ulikuwa umeinuka, ukashuka maumivu yalipokwisha. Nililia mbele yake. Halikuwa jambo la mawazo.

Akaniandikia diltiazemu, dawa ya kuzuia mishipa isikaze, na nitrogliserini ya kuweka chini ya ulimi. Akanionya: maumivu yasipotulia kwa dawa hiyo, nikimbizwe hospitali, hata kama angiogramu ilikuwa safi.

Hayajaisha kabisa, yamepungua. Bado naandika, na kila kliniki daktari hutazama zile saa kabla ya kubadilisha dozi.