Kuteremka mkondo wa blazari, kutoka redio hadi gamma

Safari hii naianzia nje, kwenye redio, ambako mambo huenda polepole. Blazari ni kiini cha galaksi ambacho shimo jeusi lake hurusha mkondo wa chembe karibu moja kwa moja kuelekea kwetu. Darubini ya mita 40 ya Owens Valley, California, huzipima blazari takriban mara mbili kwa wiki kwenye gigahezi 15. Inatosha, kwani mwako wa redio hupanda na kushuka kwa wiki na miezi.

Nikifika kwenye mwanga wa macho, kasi imeongezeka: siku, pengine saa chache. Hapa ndipo wengi hujikwaa. Katika blazari iitwayo Markarian 421, nuru ya nyota za galaksi huchanganyika na ya mkondo. Usipoitoa, mabadiliko yataonekana madogo kuliko yalivyo. Tena hewa ikichafuka, taswira ya galaksi hutawanyika, sehemu yake hutoka nje ya duara la kupimia, nawe utadhani blazari imefifia.

Eksirei na gamma (miale yenye nishati kubwa kuliko eksirei) za nishati ya juu kabisa ndizo huyumba zaidi katika Markarian 421, mara nyingi kwa pamoja. Elektroni zilezile hutoa eksirei zikizunguka kwenye uga wa sumaku, kisha huzigonga fotoni, yaani chembe za nuru, na kuzipandisha hadi gamma.

Kituo cha mwisho ni blazari nyingine, PKS 2155-304. Julai 2006, darubini za gamma za H.E.S.S. nchini Namibia ziliona gamma zake zikibadilika kwa takriban sekunde 200. Kitu hakiwezi kubadilika chote haraka kuliko nuru inavyokivuka, na sekunde hizo nuru husafiri kilomita milioni 60 tu, ilhali shimo jeusi lenye uzito wa Jua bilioni moja lina nusu kipenyo cha kilomita bilioni 3! Lazima kinachowaka kiwe kinatujia karibu na kasi ya nuru, hivyo muda tunaouona unabanwa.

Kurudi nje ni kugumu zaidi. Kilele cha redio mara nyingi huchelewa wiki au miezi nyuma ya gamma, kwa kuwa mkondo wa ndani hauipitishi redio mpaka kinachowaka kisogee nje na kupungua msongamano. Kupima uchelewaji huo, msiunganishe mapengo ya data kwa mistari. Tumieni ulinganisho wa jozi za vipimo halisi, kisha mjaribu kwa maelfu ya grafu za kubuni za mwangaza. Grafu mbili za polepole zisizohusiana hufanana kirahisi mno.