Mbunge wa kijijini Ireland anapokea simu mwenyewe

Euro 140 kwa tairi moja jamani. Moja! Na fundi bado ananiambia rimu nayo imepinda. Hela hiyo wa Ilala mnajua mnatoka na nini. Na kosa sio langu, ni shimo. Huku Kerry, kusini magharibi ya Ireland, barabara za vijijini ni nyembamba mpaka magari mawili yakikutana mmoja lazima arudi nyuma, mvua inanyesha kutwa, lami inachimbika pembeni, usiku ukitoka shifti huoni kitu. Nikapiga simu baraza la kaunti, wakasema wamepokea taarifa. Kuhusu kulipwa nikaambiwa nisahau, na kweli nilipofuatilia sheria ya huku iko hivyo, barabara ikichakaa tu kwa kutotengenezwa baraza halidaiwi, linadaiwa kama limetengeneza vibaya. Niliwaka kwelikweli. Kodi ya gari nalipa, bima nalipa, na bima ya huku ni ya kulia machozi.

Bibi mmoja tunayemhudumia kazini, nafanya nyumba ya wazee, akanisikia nalalamika akasema sasa mwanangu si uende kwa TD? TD ndio mbunge wao. Nikadhani anapoteza kumbukumbu. Mbunge kwa ajili ya shimo? Na mimi sio raia!

Nikaenda. Chumba cha nyuma cha baa, watu wamekaa kwenye viti kama wanasubiri daktari. Mzee anafuatilia kadi ya matibabu, mkulima ruzuku yake imechelewa, mama anataka nafasi ya mtoto kwenye basi la shule. Zamu yangu ikafika, mheshimiwa akaandika kwenye daftari kwa mkono wake, akaniuliza shimo liko upande gani wa daraja, yaani daraja analijua. Hakuniuliza uraia wala nampigia nani kura. Ikaja barua nyumbani, nakala ya aliyowaandikia baraza. Shimo limezibwa. Hela ya tairi imekwenda, lakini ile barua yenye jina langu imeniingia moyoni kuliko nilivyotegemea.

Sa nikaanza kuuliza wenyeji hii kazi inaendaje, wote wananipeleka kwenye jina moja, Healy-Rae wa Kilgarvan. Huyu mzee Jackie alizaliwa 1931, baadaye akawa na baa yake, na tangu 1973 yuko baraza la kaunti. Miaka yote hiyo alikuwa fundi wa kampeni wa chama cha Fianna Fáil, anawatafutia wenzake kura. 1997 akataka yeye sasa agombee, chama kikamnyima. Ana miaka 66! Akasimama huru, akashinda. Halafu serikali ya Bertie Ahern, waziri mkuu wa Fianna Fáil hiyohiyo, ikakosa wingi bungeni, ikabidi ibembeleze wabunge huru wachache, mmoja wao ni mzee wa kofia kutoka Kilgarvan, na yeye bei yake ilikuwa barabara za Kerry Kusini. Aliyekatwa na chama ndiye anakishikilia chama madarakani. Alistaafu 2011, kiti akakichukua mwanawe Michael mwaka huohuo, mzee akafariki Desemba 2014, na 2016 mwingine, Danny, akaingia pia. Uchaguzi ule Michael peke yake alipata kura 20,378 za chaguo la kwanza. Huku unawapanga wagombea 1, 2, 3 kwenye karatasi ya kura, mtu akivuka kiwango cha kushinda kura za ziada zinahamia kwa wa pili wako, ndio maana ndugu wawili wanaweza kuingia jimbo moja. Januari 2025 Michael akapewa unaibu waziri kwenye wizara ya kilimo, upande wa misitu.

Na huo mfumo ndio unawafanya wakimbie. Jimbo moja la Kerry lina wabunge watano, kwahiyo mpinzani wako sio chama kingine tu, hata wa chama chako anakula kura zako. Usipopokea simu mwenzio anapokea. Radio Kerry inatangaza vifo kila siku, na TD wa kijijini msibani lazima aonekane, anapanga foleni na watu, anashika mkono wafiwa, anaondoka. Kilgarvan mpaka Dublin ni zaidi ya kilomita 300 na wiki za bunge wanakwenda na kurudi.

Tena hawana mfuko wa jimbo! Hilo ndilo linaniuma nikifikiria kwetu. Hana hela ya kugawa, ana simu na barua tu. Sisi mfuko upo, kofia na kanga za kampeni zipo, halafu miaka minne unamuona mheshimiwa kwenye taarifa ya habari. Mama yangu Singida hajawahi kukaa kiti kimoja na mbunge wake, na barua ya mtendaji tu mnajua inavyopatikana.

Lakini nisiwadanganye kwamba huku peponi. Kadi ya matibabu inatolewa kwa kipimo cha kipato, ni haki ya yule mzee, kwanini ajisikie anadaiwa shukrani? Na barabara aliyoipata Jackie kwa kura yake, kuna kaunti nyingine mbunge wake hakuwa na cha kubadilishana, hao wakae na mashimo? Wengine wa Dublin wanawaona hawa wa vijijini ni aibu, hasa Danny aliposema bungeni 2016 kwamba hali ya hewa iko mikononi mwa Mungu. Mimi kwenye tabianchi sikubaliani naye kabisa. Ila dharau ile siipendi, maana bibi wa kilima cha mwisho, basi linapita mara chache, simu yake inapokelewa na nani?

Mnaoniuliza inbox kuhusu kuja: kazi za wazee zipo sana huku kaunti za mbali kuliko Dublin, ila bila gari hufanyi kazi. Leseni ya Bongo utaendeshea mwaka mmoja tu, baada ya hapo unaanza upya kama mwanafunzi, nadharia, masomo ya udereva, mtihani, anza kuweka hela mapema. Na ukifika jiandikishe kupiga kura. Bunge ni raia wa Ireland na Waingereza, lakini baraza la kaunti kila mkaazi wa miaka 18 anapiga, hata wewe mwenye pasipoti ya Tanzania, na kugombea unaruhusiwa. Wengi wetu tumekaa hapa miaka hatujui. Uchaguzi wa baraza uliopita ulikuwa Juni 2024, unaofuata ni 2029, na diwani ndiye wa kwanza kuulizwa habari ya mashimo.