Kumbukumbu ya mradi wangu: kuitia Bridgeport kompyuta

Januari

Mashine imeingia karakanani. Imetoka kwenye kiwanda kilichofungwa, nimeinunua kwa bei ya chuma chakavu, tumeileta Vingunguti kwa kenta. Uzito wake unakaribia tani moja, kwa hiyo kuishusha kulikula mchana mzima: cheni bloki, mitaimbo miwili, na vipande vya bomba chini yake ambavyo vijana waliviokota nyuma na kuviweka mbele kila iliposogea kidogo.

Ni Bridgeport Series I, ya kuchonga chuma, kichwa chake kinageuzwa huku na huku na meza imekaa juu ya goti linalopanda na kushuka. Waliobuni mashine hizi ni Rudolph Bannow na Magnus Wahlstrom, huko Bridgeport, Connecticut, mwaka 1938. Umbo lake limeigwa na viwanda vingi sana, kiasi kwamba aliyesomea ufundi mitambo hulitambua hata likiwa chini ya turubai.

Kazi zangu nyingi ni vipuri vya mashine za kusaga na kukoboa: flanji, puli, nyumba za beringi. Flanji ya matundu sita naichora kwa bikari, napiga senta panchi, natoboa, halafu matundu mawili au matatu yanakataa bolti mpaka niyapanue kwa tupa. Mteja anaondoka ameridhika, mimi nabaki na ile tupa mkononi na moyo hautulii. Nataka kompyuta iisogeze meza, tundu litoboke pale linapotakiwa. Ndiyo sababu ya mradi huu.

Wiki ya pili ya Januari

Nilishaanza kuulizia bei za mota. Mzee aliyenifundisha kukereza akapita kuitazama mashine. Nikamwamkia, akaitikia, akazungusha mkono wa meza mara moja tu.

"Mwanangu, umeshaipima?"

"Bado, mzee."

"Basi usinunue kitu."

Tukafunga dial geji, saa ya kupimia yenye sindano, kwenye kichwa, sindano ikagusa meza. Nikazungusha mkono upande mmoja mpaka sindano ikaenda, kisha nikarudisha. Mkono unazunguka, sindano imetulia tuli. Unazunguka tena, bado. Katikati ya safari ya meza plei, yaani mwendo wa bure kabla meza haijasogea, ilikuwa milimita 0.62. Kule mwishoni ilikuwa 0.15. Ukifikiri, inaeleweka: jiliwa hufungwa katikati ya meza, kazi ya miaka yote imefanyika pale, na skrubu inayoisogeza meza imelika pale pale.

Watu kadhaa wameniambia nisihangaike, programu itafidia. Nimelifikiria sana hili na sikubaliani nao. Ni kweli kwamba unaweza kuiandikia programu kipimo cha plei, na kila mhimili, yaani njia ya mwendo wa meza, unapogeuza mwelekeo inaongeza hatua hizo. Lakini niiandikie kipimo kipi, 0.62 au 0.15? Na hata ukiitengenezea jedwali zima la vipimo, meza yenyewe bado iko huru ndani ya ile nafasi. Endimili, kile kisu kinachozunguka, ikikata huku meza ikienda upande uleule meno yanakoelekea, meno huidaka meza na kuivuta kwa ghafla, na kompyuta haina habari. Endimili hukatikia hapo. Ulegevu wa chuma unatibiwa kwenye chuma.

Februari na Machi

Skrubu za zamani zimetoka. Zilisogeza meza inchi 0.2 kwa mzunguko mmoja, yaani milimita 5.08. Mpya ni skrubu za gololi, kipenyo milimita 25, na kila mzunguko ni milimita 5 kamili. Ndani ya nati kuna gololi zinazobingirika kwenye mfereji wa skrubu na kurudi mwanzo kwa njia yake, kwa hiyo hakuna chuma kinachosuguana na shaba kama zamani. Nati hizi ni nene kuliko zile zilizotoka, ikabidi nichonge vishikio vipya vya kuzibeba chini ya meza.

Nilipofunga kila kitu na kupima, plei ilikuwa 0.09. Nilikaa chini. Skrubu mpya, nati mpya, bado tarakimu ile imenikodolea macho. Nikalegeza nati, nikaikaza tena. Nikakaza vipande vya kubana reli za meza mpaka mkono ukawa mzito. Ikabaki 0.09.

Siku ya tatu nikaacha kuitazama meza, nikaiweka sindano kwenye ncha ya skrubu yenyewe. Nikasukuma meza kwa kiganja. Ncha ikaenda na kurudi. Skrubu nzima ilikuwa inatembea ndani ya beringi zake! Beringi hizi hufungwa mbili mbili, na kila moja hubeba msukumo wa upande mmoja tu, kwa hiyo lazima zipeane migongo au zitazamane. Mimi nilikuwa nimezipanga zote mbili zikitazama upande mmoja, kama watu kwenye foleni. Nikageuza moja, nikakaza nati yake polepole hadi shafti ikazunguka kwa vidole bila kutikisika. Sindano ikasoma 0.01. Nikampigia mzee simu usiku uleule.

Aprili

Umeme. Mota ya spindeli, ile shafti inayozungusha kisu, ni ya kilowati 1.5, fezi tatu, na sahani yake imeandikwa 230/400. Hapa nina fezi moja tu, kwa hiyo nimeweka inverta inayopokea fezi moja na kutoa tatu za volti 230. Kwenye kiboksi cha mota nikahamisha vipande vya shaba kutoka staa (muunganiko wa volti 400) kwenda delta (wa volti 230). Anayefuata njia hii asisahau hatua hiyo: mota ikiachwa kwenye staa itazunguka, lakini ikipewa kazi ya kukata chuma itakosa nguvu.

Meza inasukumwa na mota za stepa, zinazogeuka kwa hatua ndogo ndogo, hatua 200 kwa mzunguko. Draiva, kifaa kinachoziendesha, nimeiweka igawe kila hatua mara 10, na kati ya mota na skrubu kuna mkanda wa meno wa mbili kwa moja. Hiyo ni mapigo ya umeme 4,000 kwa milimita 5, au 800 kwa milimita moja. Meza ikienda milimita 3,000 kwa dakika, yanahitajika mapigo 40,000 kila sekunde, na kompyuta yangu ya mezani iliyotumika ofisini haiwezi kuyatoa yenyewe bila kukwama. Nimeiachia kazi hiyo kadi ya Mesa 7i76E, inayozungumza na kompyuta kwa waya wa mtandao. Programu ni LinuxCNC, ya bure, iliyotokana na mradi wa EMC wa taasisi ya vipimo ya Marekani, NIST.

Kisha yakaja majini ya umeme. Meza inakwenda vizuri, nawasha spindeli, mashine inasimama na kudai imegonga swichi ya mwisho wa safari. Hakuna kilichogonga. Nazima spindeli, kimya. Naiwasha, inasimama tena. Kosa lilikuwa ndani ya bomba moja nililolipitishia nyaya zote: waya wa inverta kwenda kwenye mota ulilala ubavuni mwa nyaya za swichi na kuzitilia kelele za umeme. Nimezitenganisha. Waya wa mota sasa una ganda la chuma lililounganishwa na athi, na swichi zinatumia volti 24 na hukaa zimefunga, kusudi waya ukikatika mashine isimame badala ya kuendelea kipofu. Kitufe chekundu cha dharura kinakata umeme wa draiva kupitia kontakta, yaani swichi nzito ya umeme. Hicho sikukiachia programu hata kidogo.

Mei

Jaribio la duara. Nimefunga kipande cha alumini, nimeamuru duara la kipenyo cha milimita 60. Duara husema ukweli wote, kwa sababu kila mhimili hugeuza mwelekeo mara mbili, na penye plei pembeni pake panabaki kingazi kidogo. Nilipitisha ukucha kuzunguka ukingo mzima, nikafumba macho nikapitisha tena. Laini. Maikromita: 59.98 upande mmoja, 60.01 upande mwingine.

Mhimili wa juu na chini bado ni wa mkono. Skrubu ya gololi haijishikilii kama ile ya zamani. Umeme ukizimika, kinachoning'inia hushuka. Sitaufunga bila mota yenye breki, na nimeanza kuidunduliza.

Jana imeletwa flanji ya mashine ya kusaga, matundu sita kwenye duara la milimita 120. Kompyuta iliipeleka meza kwenye kila tundu na kungoja, mimi nikavuta mkono wa kutobolea. Tuliivalisha juu ya bolti zake sita zikiwa zimeshafungwa. Iliteremka hadi chini yenyewe.