Mjane Hakuomba Unga

Tumsifu Yesu Kristo, wapendwa.

Jumamosi, katika jumuiya yetu ndogo ya Kikristo, tulitangulia kuisoma Injili ya Dominika hii ya 29 ya Mwaka C, ile ya mjane na hakimu dhalimu (Luka 18:1-8). Tulifuata hatua zetu saba za kushirikishana Neno kama kawaida. Msomaji alipofika kwenye maneno “Nipatie haki na adui wangu,” mama mmoja aliyefiwa na mumewe mwaka huu aliinamisha kichwa. Hatua ya kimya siku hiyo ilikuwa ndefu kuliko tulivyozoea.

Mama huyo tulikwenda kumwona baada ya arobaini. Tulichanga, tukampelekea unga kilo 25, sukari, mafuta ya kula na miche ya sabuni. Tukaimba, tukapiga picha ya kuweka kwenye grupu. Wakati tunaaga, akatuambia kwa sauti ya chini kwamba shemeji yake amekwisha kulima lile shamba la ekari mbili na nusu, na sasa anasema hata nyumba ni ya ukoo. Tukamjibu: “Mungu hamtupi mja wake.” Tukaondoka.

Njiani bibi mmoja, mkubwa kuliko sisi sote, akasimama katikati ya barabara akauliza: “Unga ule akausongee nyumba ya nani?”

Nimeisoma Injili hii mara nyingi kama fundisho la kudumu katika sala, na Luka mwenyewe anaianza hivyo. Lakini angalieni mjane anaomba nini. Haombi chakula, haombi pole. Anaomba haki, na anasema wazi kwamba yuko mtu anayemnyima. Wanaojua Kigiriki hutuambia kwamba pale hakimu anapohofia kuchoshwa, neno lililotumika ni la wapiga ngumi, la kumpiga mtu chini ya jicho. Yesu alijua kuchekesha. Hakimu mzima, asiyemcha Mungu wala kujali watu, anamwogopa mjane asivimbishe jicho!

Ugumu kwetu uko kwenye neno “adui”. Unga ni rahisi kutoa kwa sababu haumuudhi mtu. Haki ina mtu upande wa pili, na mtu huyo tunasali naye. Amekaa mabenchi mawili mbele yetu, sadaka ya mavuno anatoa vizuri, na ana jamaa kwenye kamati. Ndiyo maana hatua ya sita, ile ya kuulizana Neno linatutuma kufanya nini, huwa tunaivuka haraka haraka ili tufike kwenye sala za kufunga na matangazo. Nasema “tunaivuka” maana na mimi nimo.

Wengine wetu tulidhani mila imekwisha kulimaliza jambo hili. Tukaenda kuulizia. Hapa Tanzania, Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya mwaka 1999 inampa mwanamke haki ya kupata, kumiliki na kutumia ardhi sawa na mwanamume, na kifungu cha 20 kinabatilisha mila inayomnyima haki hiyo. Shemeji anasimamia kitu kingine: mila za urithi zilizoandikwa katika Tangazo la Serikali Na. 436 la mwaka 1963. Humo mjane hana fungu ikiwa marehemu ameacha ndugu wa ukoo wake. Fungu lake ni kutunzwa na watoto. Lakini marehemu akiwa Mkristo, mahakama huuliza aliishije, kwa mila za ukoo au kwa desturi za Kikristo. Ikionekana aliishi Kikristo, mirathi yake inaweza kufuata ile sheria kongwe ya urithi ya India ya mwaka 1865, iliyoletwa nchini na wakoloni Waingereza, ambayo humpa mjane mwenye watoto theluthi moja.

Aliishije? Nani wa kujibu swali hilo kama si watu waliosali naye kila Jumamosi, waliosimamia ndoa yake na ubatizo wa watoto wake?

Katika somo la kwanza (Kutoka 17:8-13) Musa yuko juu ya kilima, mikono imemlemea. Ikishuka, Israeli wanashindwa. Haruni na Huri hawampi hotuba ya kumtia moyo. Wanatafuta jiwe akalie, kisha wanamshika mikono, mmoja upande huu na mwingine upande huu, mpaka jua linatua. Kazi yao yote siku ile ilikuwa kukaa naye.

Shauri limeanzia Baraza la Ardhi la Kijiji. Mara ya kwanza mama alikwenda na mwanawe wa darasa la sita, likaahirishwa. Mara ya pili tulikuwa naye watu kumi na mmoja, tumejipanga kwenye benchi nje ya ofisi ya kijiji, kimya. Mmoja wa wajumbe akatoka akatuuliza tumefuata nini. Bibi yetu akamjibu, “Tumemsindikiza mwenzetu.” Likaahirishwa tena, wajumbe hawakutimia. Shemeji alitupita bila salamu. Jumapili yake alikuja kanisani, na wakati wa kutakiana amani nilimpa mkono. Aliupokea, akitazama pembeni.

Alhamisi saa tatu asubuhi tunarudi. Katibu anafuatilia nakala ya cheti cha ndoa parokiani, na daftari la mahudhurio ya jumuiya litakuwepo. Wenye nafasi tukutane kigangoni saa mbili. Yeyote mwenye kiti cha plastiki aje nacho, kwa ajili ya bibi. Benchi lile halina egemeo, na mgongo wake unamsumbua.